Mke wa Mwana Asiyezaliwa

Baba yangu hakuwahi kuzaliwa. Nasema hivi bila mzaha. Wakurya wenzangu hawahitaji maelezo, ila wengine huniangalia wakidhani uzee umeanza kunichezea. Baba huyo alikuwa na mke, ambaye ni mama yangu. Alikuwa na watoto, mimi na mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na zizi, migomba, kahawa na nyumba ya bati pale Nyamwaga. Alichokosa ni yeye mwenyewe tu.

Mambo yalikuwa hivi. Bibi aliolewa na mwanamume mwenye wake wengine, akazaa mabinti watupu. Mabinti wakaolewa, ng'ombe wa mahari wakaingia katika nyumba yake, naye akawatunza mpaka wakajaa zizini. Babu akafariki. Sasa kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume haina mrithi: siku mama mwenye nyumba akifa, ng'ombe na shamba vinahamia kwa watoto wa mke mwenza, na jina la nyumba yake halitajwi tena. Dawa ya jambo hilo ni ya tangu zamani, nasi tunaiita nyumba ntobu. Mwanamke wa namna hiyo huchukua ng'ombe wake, akaenda kuposa msichana, akamwoa kwa ajili ya mwana ambaye hakumzaa. Msichana anakuwa mkamwana wake. Wanaume watakuja na kuondoka, lakini watoto wote ni wa nyumba ile, maana kwetu mtoto ni wa ng'ombe. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye mtoto.

Ndivyo mama yangu alivyoolewa na Bibi. Nami nilikua nikimwogopa Bibi na kumstaajabia kwa pamoja, na mpaka leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao wakati ule, sijapona.

Aliyetaka kujua kufanikiwa kulikuwaje Nyamwaga mwanzoni mwa miaka ya hamsini, angekuja kwetu tu. Bibi alipanda kahawa wakati wanaume wa ukoo walikuwa bado wanabishana kama inaliwa. Alikuwa wa kwanza kilimani petu kuezeka bati. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya lile bati, majirani walikuja wakasimama uani kwetu wakalowa chapachapa, ili tu wasikie mlio wake. Wazee ambao hawakuwa na desturi ya kumwita mwanamke kwenye mabaraza yao walimwita yeye, wakampa kigoda, na akikohoa kidogo walinyamaza. Ng'ombe wake hakuwahesabu, kwa sababu kwetu ng'ombe hawanyooshewi kidole. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi akiwatazama wanavyoingia, mikono nyuma, na uso wake wakati huo ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba.

Kilichobaki ni mtoto wa kiume. Mimi nilitangulia kuzaliwa, msichana, na nasikia Bibi aliponiona alisema, "Haya, ng'ombe wengine hao," akarudi shambani. Mwanamume aliyenizaa alikuwa wa ukoo wa jirani. Baada ya muda alianza kujiona mwenye nyumba, akawa anaingia zizini bila kuitwa na kuuliza kahawa imeuzwaje. Bibi alimtoa kwa mwiko wa ugali, tena wa moto, na hadithi hiyo iliwachekesha watu wa kilima chetu kwa miaka. Tangu hapo akasema hataki tena mtu wa karibu. Mtu wa karibu ana ndugu, ana wazee, ana madai. Atatafuta mtu wa mbali, maskini, asiye na wa kumsemea.

Akampata kutoka Natta. Watu wa Natta na Ikoma walikuwa wakipanda huku kwetu kila vijana walipokaribia kutahiriwa, kwa sababu vijana wetu wakiwa kwenye sherehe hizo hucheza wamevaa manyoya ya mbuni, na mbuni wako nyikani kwao, si milimani kwetu. Huyu alikuwa mfupi, miguu yake imepinda kidogo, na furushi lake la manyoya lilikuwa kubwa kuliko yeye. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, kwani upande aliotoka mbung'o hawaachi ng'ombe akae. Bibi alimkaribisha, akampa pombe ya ulezi, akamwuliza kwao kuna nani. Akajibu kwamba wazazi walikwisha kufa na hana kaka. Bibi akamwongezea pombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, na Bibi aliona dawa yake imejileta yenyewe kwa miguu. Akamwambia kila akija Nyamwaga asilale kwingine. Ni Bibi mwenyewe, kwa mkono wake, aliyemwonyesha mlango wa nyumba ya Mama.

Niseme sasa juu ya Mama. Hakuteswa. Bibi hakumpiga, hakumnyima chakula, na khanga zake zilikuwa mpya kuliko za wenzake wenye waume waliozaliwa. Lakini alikuwa mtu wa kimya. Alilima, alikamua, alipika, alijibu alipoulizwa. Nilifika umri wa kuchota maji peke yangu sijawahi kusikia kicheko chake, wala sikujua kwamba kuna kitu nimekikosa.

Siku moja Bibi na mimi tulikuwa tukichuma kahawa upande wa juu wa shamba. Chini, kwenye migomba, yule Mnatta alikuwa akimwonyesha Mama jinsi mbuni dume anavyomringia jike: shingo mbele, makalio nyuma, mikono inapepea, na ile miguu yake ya kupinda inanyanyuliwa kwa madaha. Mara nikasikia sauti nisiyoijua. Ilianza chini, ikapanda, ikakatika, ikaanza upya. Nilidhani kuna mwanamke mgeni shambani. Nilipochungulia nikaona ni Mama, ameshikilia mgomba asianguke, machozi yanamtiririka. Nilipigwa na butwaa. Niliona meno yake ya nyuma kwa mara ya kwanza.

Bibi naye aliacha kuchuma. Alisimama na punje za kahawa mkononi, akasikiliza mpaka kicheko kikaisha. Kisha akaniuliza polepole, "Yule ni mkamwana wangu?" Nikasema ndiye. Jioni ile hakwenda mlangoni mwa zizi, na chakula alikigusa tu.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akazaliwa. Sijui nielezeje siku ile. Bibi alichinja fahali, akaita watu wa vilima vyote vinavyoonana na chetu, na mwanamke yule mzito, mwenye heshima zake, alicheza mbele ya umati mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mwanawe ambaye hakuzaliwa sasa alikuwa na mwana. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye nyama haikumpita vizuri kooni, naye ni mtoto mkubwa wa mke mwenza, ambaye mimi nilimwita baba mkubwa. Kwa miaka alikuwa akisubiri nyumba yetu ife kama mtu anavyosubiri ndizi ziive. Alikaa pembeni, akatafuna, akaaga mapema. Kwa macho ya Nyamwaga Bibi alikuwa amepata kila kitu ambacho binadamu anaweza kukitaka.

Kabla mtoto hajaanza kutambaa, Mama alimwendea Bibi akapiga magoti, akasema anaomba ruhusa aende Natta akaolewe na yule bwana.

Ili ujue uzito wa maneno yale lazima ujue ng'ombe walikuwa wapi. Ng'ombe ambao Bibi aliwatoa kwa ajili ya Mama hawakukaa kwa wazazi wake. Kaka yake Mama, yaani mjomba wangu, aliwachukua akaolea. Ndivyo tulivyofungana: dada anaolewa, kaka anaoa kwa ng'ombe walewale. Mama akiondoka, Bibi ana haki ya kuwafuata ng'ombe wake. Akiwafuata, kwa mjomba hawapo, wako kwa wakwe zake mjomba, na ili watoke huko lazima mke wa mjomba arudishwe kwao. Kwa hiyo kicheko kimoja cha Mama kingeweza kuvunja nyumba ya kaka yake. Na yule Mnatta hakuwa na hata mkia wa ndama wa kuleta mezani. Zaidi ya yote, mimi na mdogo wangu tulikuwa watoto wa ng'ombe. Mama angekwenda, sisi tungebaki.

Wazee wa ukoo wakakutana uani kwetu asubuhi, nasi wanawake na watoto tukakaa upande wa jikoni, tukisikia yote. Baba mkubwa alisimama wa kwanza. Alisema ng'ombe wafuatwe, mwanamke aende zake na mgongo wake mtupu, na mtoto aachishwe ziwa leoleo apewe maziwa ya ng'ombe. Wengi waliitikia kwa vichwa. Niliona mjomba wangu, aliyekuwa amekuja kusikia hatima ya nyumba yake, akiangalia chini kati ya miguu yake. Mama alikuwa kando yangu na mtoto kifuani, naye alitulia kabisa. Ilipofika zamu ya Bibi hakusimama. Alisema akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Nilimwoa huyu ili nyumba yangu iwe na watu. Sasa ina watu. Mtu aliyekubebea mzigo akifika husaidiwa kuutua. Ng'ombe wasifuatwe."

Baba mkubwa akauliza, na mtoto je? Bibi akamjibu kwamba mtoto hanyang'anywi ziwa. Ataondoka na mama yake, na akishakua kiasi cha kuchunga mbuzi, yeye Bibi atakwenda mwenyewe kumchukua. Wazee wakatazamana, halafu mmoja akacheka taratibu, wakacheka wote. Waliona Bibi kawazidi akili: mkamwana kapewa anachotaka, ukwe haukuvunjika, mjomba kabaki na mke wake, na mrithi bado ni wa nyumba ile. Mjomba alikwenda akamshika Bibi miguu. Nami nilimtazama nikawaza kwamba kumbe mtu anaweza kusema maneno machache hivi, na nyumba za watu zikaendelea kusimama.

Sikuulizwa nataka nini. Nilitaka Mama abaki, na kama hawezi kubaki, angalau anilegezee hasira yangu kwa kulia kidogo. Hakulia. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakiinamisha kifuani pake mahali palipokuwa na joto la mtoto, kisha akashika njia ya kuteremka. Yule Mnatta alitembea mbele akiwa amebeba vyungu vya Mama, na hata kwa mgongo ilionekana kwamba haamini bahati yake. Nilisimama pale mpaka nikaitwa kukamua.

Miaka ikapita. Bibi alizidi kufanikiwa. Kahawa ilizaa, ng'ombe walizaa, tukaongeza chumba. Mvua ilinyesha juu ya bati nasi tukaisikiliza wawili. Alinilea vizuri, nami nilijifunza kwake kila ninachokijua juu ya kazi. Lakini nilikuwa nimeshasikia kicheko kile kwenye migomba, na nyumba yetu ilikuwa imekuwa kubwa mno. Wala si mimi tu. Mara kadhaa nilimkuta Bibi amesimama shambani katikati ya mistari ya kahawa, hachumi, ameelekeza sikio upande wa chini.

Baba mkubwa hakumwacha apumue. Kila alipopita aliuliza kama mrithi wetu ameshajua ng'ombe anafananaje, au bado anafundishwa kukimbiza swala. Watu walicheka. Bibi alijibu kwamba siku yake inakuja, na hakuwa anatania. Alitenga jike la mbuzi lenye mimba kwa ajili ya kijana. Alikwenda Tarime kwa fundi cherehani, Mwislamu mmoja aliyekuwa akishona kwenye baraza la duka, akamwagizia shati na kaptura, na kipimo alikionyesha kwa mkono, kutoka chini mpaka hapa. Mimi ndiye niliyevikunja. Nilitaka arudi kuliko hata Bibi alivyotaka, kwa sababu nilimjua akiwa kitoto kinachonishika kidole, na kwa sababu nilichoka kuwa peke yangu.

Mwisho wa masika, karibu miaka ya hamsini kwisha, mimi nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa, Bibi akaniambia tufunge mizigo. Tuliteremka kutoka milimani, tukalala kwa jamaa, tukaufikia mto Mara. Tuliuvuka kwenye kivuko cha miguu tukiwa tumeshikana na wasafiri wengine kwa mstari, maji yakinifika kifuani, na Bibi akiwa ameweka kaptura na shati juu ya kichwa chake, ndani ya sufuria, visilowe. Ng'ambo tukapita kwa Wangoreme, ambao lugha yao ni kama yetu iliyopigwa pindo jingine, wakatulaza na kutulisha. Kila tulipoulizwa safari, Bibi alijibu kwa sauti ya juu, "Naenda kumchukua mjukuu wangu."

Karibu na Natta nchi ilifunguka, nami nikaona kitu ambacho sikuwahi kuambiwa kwamba kipo duniani. Uwanda wote ulikuwa mweusi, na weusi ule ulitembea. Walikuwa nyumbu. Walikuwa wakipita mbele yetu mpaka mahali macho yanapoishia, wakilialia kwa sauti zao za puani, na vumbi lao lilikuwa limesimama angani. Nilimtazama Bibi. Mwanamke yule aliyezoea kusimama mlangoni mwa zizi akiridhika, sasa alikuwa amesimama kinywa wazi. Akauliza ni wa nani. Mtu tuliyefuatana naye akamwambia si wa mtu. Bibi akarudia maneno hayo polepole, "Si wa mtu," akaketi chini kwenye nyasi, tukasubiri mpaka njia ikapatikana.

Tulimkuta Mama anapura mtama. Alikuwa amekonda. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na nyasi zenyewe zimeshaoza upande mmoja, na kwenye ghala mtama haukufika hata magotini. Siku hizo bwana nyama na askari wake walikuwa wameshaanza kuwafunga watu kwa kuwinda, na mume wake alikuwa ametoka kifungoni msimu uliopita kwa sababu ya kumwinda pofu mmoja. Manyoya ya mbuni hayakuuzika tena waziwazi. Sasa alijaribu kulima, na nyani walivuna kabla yake. Bibi aliyaona yote hayo kwa kuzungusha macho mara moja. Mimi niliona vilevile, na moyoni nikasema vizuri, itakuwa rahisi. Nani atamzuia mtoto asitoke hapa aende kwenye bati na maziwa?

Mama alipomwona Bibi, alipiga magoti palepale kwenye makapi ya mtama. Alijua tumekuja kufanya nini. Yule bwana akakimbiza kuku, ambaye nilikuja kujua kwamba alikuwa wa mwisho, akamchinja, na tangu hapo hakufanya mzaha hata mmoja. Alikaa mlangoni, mikono kati ya magoti.

Mdogo wangu ndiye pekee ambaye hakuogopa. Alikuwa na miguu ya kupinda kama ya baba yake, na tumbo mbele. Alimwamkia Bibi shikamoo, akamwuliza kama ni yeye mwenye nyumba inayopiga kelele mvua ikinyesha. Bibi akasema ndiye. Baadaye Bibi alipoinuka kwenda kutazama shamba, mikono nyuma, akikohoa kikohozi chake kile cha kunyamazisha wazee, mtoto akamfuata kwa nyuma. Aliweka mikono yake nyuma. Alisukuma tumbo. Akakohoa. Alikuwa Bibi mtupu, mdogo, asiye na nguo. Mama akaziba mdomo kwa khanga lakini haikusaidia, kikatoka, kile kicheko, kikapanda na kukatika na kuanza upya, na yule bwana mlangoni naye akashindwa, na mimi niliyetembea mpaka huko kwa hasira ya miaka nikajikuta nimekaa chini nashika mbavu. Bibi aligeuka. Mtoto naye akageuka, kwa namna ileile. Bibi hakucheka wala hakukasirika. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama alivyowatazama wale nyumbu.

Asubuhi Mama alimleta mtoto. Alikuwa amemwogesha na kumpaka mafuta, amemfungia kibuyu cha maji na viazi vya njiani. Macho ya Mama yalikuwa yamevimba lakini sauti yake haikutetemeka. Alisema Bibi alimwachia ng'ombe, akamwachia kaka yake mke, na yeye si mwizi. Akapiga magoti akamsukuma mtoto mbele kidogo.

"Mama, huyu ni wako. Mimi nilikulelea tu."

Bibi akafungua sufuria, akatoa shati na kaptura. Alimvalisha mwenyewe, kifungo kwa kifungo, bila haraka. Vilimpwaya. Akamrudisha nyuma kidogo amwone. Mimi nilikuwa nimeshajitwika mzigo. Nilikuwa nimeshachagua mahali atakapolala.

"Nikimchukua," Bibi akamwuliza Mama, "utacheka tena hapa?"

Mama alifikiri. Angeweza kudanganya kwa heshima, na nadhani mwingine angedanganya.

"Hapana, Mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Nilikaa nawe miaka yote ile hucheki," akasema. "Nikadhani ndivyo ulivyoumbwa. Sitaki mwingine nyumbani kwangu."

Akamgeuza mtoto kwa mabega, akamwelekeza kwa mama yake, akachukua sufuria lake tupu, akaondoka. Mama hakuelewa mara moja. Tulikuwa tumeshafika kwenye njia nilipomsikia nyuma yetu, na sauti ile haikuwa kicheko wala kilio.

Nilimfuata Bibi nikiwa na uchungu kiasi cha kukosa adabu. Nilimwambia nyumba yake sasa imekufa. Nilimwambia baba mkubwa atachukua zizi, atachukua kahawa, atalala chini ya bati lake. Nilimwambia hakuna mtu atakayemtaja. Alisubiri nimalize.

"Najua," akasema, akaendelea kutembea.

Wajukuu zangu hupenda kubishana kipi bora, kufanikiwa au kuwa na furaha, kama vile ni bidhaa mbili za sokoni na mtu ana pesa ya kununua moja. Mimi hunyamaza. Bibi hakuwa na furaha kwenye njia ile, nilimwona. Alizeeka kati ya Natta na mto Mara. Na kufanikiwa kwake, kile alichokitafuta tangu alipozaa binti wake wa mwisho, alikuwa amekiacha nyuma kimevaa shati la kupwaya. Kwa hiyo hakuwa na hiki wala kile, na bado sijawahi kumwona binadamu mkubwa kama yeye. Nilitembea nyuma yake nikijihadhari nisikanyage kivuli chake, na hasira yangu ilikwisha kabla hatujaanza kupanda milima, bila mimi kuitolea ruhusa.

Habari za safari yetu zilikuwa zimetutangulia kwa sauti aliyozitangazia Bibi mwenyewe. Tulipofika Nyamwaga watu walikuwa wamejaa uani, pombe imepikwa, na wanawake walikuwa tayari kupiga vigelegele. Baba mkubwa alikuwa mbele yao wote amevaa koti lake, kwa sababu hata kama jambo linakuuma, mtoto wa ukoo akirudi unampokea. Alituona wawili. Akachungulia nyuma yetu, njia ilikuwa tupu.

"Mama," akauliza, "mtoto yuko wapi?"

Kila mtu uani alijua kwamba kwao kwa mtoto ni pale ng'ombe walipotoka, yaani hapa tuliposimama, na kwamba mwenye ng'ombe peke yake ndiye anayeweza kusema vinginevyo, tena akishasema mbele ya ukoo hawezi kurudisha ulimi.

"Yuko kwao," Bibi akasema. "Hawajambo wote."

Akapita katikati ya watu akaenda kuweka sufuria jikoni. Baba mkubwa alibaki amesimama. Alikuwa ametajirika kwa neno moja, na nilimwona akitafuta mahali pa kuangalia.